Simu Ambayo Mheshimiwa Hakuipiga

Fundi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alishona viatu katika chumba cha mbele cha nyumba yake, gundi upande huu, misumari upande ule, redio juu ya rafu. Katika chumba cha nyuma walilala yeye, mkewe Mama Pacha na watoto wao. Nyumba ilikuwa ndogo, lakini waliinunua kwa jasho lao.

Tatizo lilikuwa mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi. Naye alidai ameuziwa nyumba hiyo hiyo na muuzaji yule yule aliyemuuzia Fundi. Muuzaji mwenyewe alikuwa ameingia mitini. Kesi ikaenda mahakamani, na Fundi akatafuta wakili.

Wakili huyo watu walimwita Mama Hoja. Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akasomea sheria jioni huku akilea watoto. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la dawa, na ngazi zake hazikukosa watu: wapangaji waliofungiwa milango, vibarua waliofukuzwa kazi. Alishinda kesi nyingi, mpaka akachoka kushinda kesi za aina moja kila mwaka. Alikuwa akisema kwamba yeye anaziba tundu moja na sheria mbovu inafungua jingine. Ndiyo maana akagombea ubunge. Na akaupata.

Siku ya matokeo mtaa ulijaa kelele. Mama Hoja alipita kuwashukuru watu. Alimwambia Fundi kwamba hataweza tena kusimamia kesi yake, na kwamba mafaili amemkabidhi wakili mwingine. Kwa kelele zile, Fundi aliona midomo ikicheza tu. Aliyesikika vizuri ni kaka yake Mama Pacha, ambaye jina la Kipaza hakupewa bure.

"Shemeji, kesi imekwisha," alisema Kipaza. "Mtu wetu yuko bungeni. Nani atakugusa?"

Fundi akaamini. Maneno kama hayo ni matamu, na mimi simcheki. Mama Pacha peke yake ndiye aliyeuliza tarehe ya kwenda mahakamani ni lini. Kaka yake akamwambia asijisumbue.

Asubuhi moja mlango ukagongwa. Alikuwa dalali wa mahakama, yule anayetekeleza amri za hakimu. Alibandika karatasi mlangoni akaenda zake. Mama Pacha akaanza kuisoma kwa sauti, na sauti ikamkatikia njiani. Kesi iliitwa, Fundi hakuwepo, wala wakili wake. Hakimu alisikiliza upande mmoja tu, akampa mfanyabiashara nyumba. Familia ilitakiwa kuhama kabla ya mwezi kwisha.

Fundi alibaki kwenye kigoda, kiatu cha mtu mkononi. Mkewe alimuuliza watawalaza wapi watoto. Aliogopa kumtazama usoni.

Mchana ule ule walikwenda ofisi ya mbunge, Kipaza akiwa mbele.

"Mheshimiwa, simu moja tu," alisema. "Hakimu akisikia sauti yako, mambo yamekwisha."

Mbunge alivua miwani. Aliwauliza walikuwa wapi siku kesi ilipoitwa. Fundi alisema hawakupata taarifa yoyote. Mbunge akatoka kwenda kuulizia kwa yule wakili mwingine na kwa wenye duka la dawa. Aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika. Taarifa ya tarehe ilipelekwa kwenye ofisi yake ya zamani, ambayo tayari ilikuwa imefungwa. Yule wakili mwingine hakuiona, wala hakuwa ameiarifu mahakama kwamba kesi ni yake.

"Kosa moja ni lenu, hamkufuatilia," alisema. "Jingine ni langu. Niliondoka kwa haraka."

"Basi piga simu," alisema Kipaza.

"Sipigi."

Mama Pacha alisema polepole, "Mama, tulikupigia kura." Hakusema kwa ukali, na hapo ndipo mbunge alipoumia.

"Nilipokuwa wakili kijana," alisema, "mkubwa mmoja alimpigia hakimu simu katika kesi yangu. Mteja wangu alitolewa vitanda nje, na haki ilikuwa yake. Leo nikipiga mimi, kesho mfanyabiashara atatafuta mkubwa kuliko mimi. Nao wapo. Bunge linatunga sheria, hakimu anaamua kesi. Tukichanganya hizo kazi mbili, wa kwanza kuumia ni ninyi."

Kisha akawaeleza la kufanya. Hukumu ya upande mmoja inaweza kutenguliwa, yaani kufutwa. Mtu anapeleka ombi haraka katika mahakama ile ile. Anaeleza kwa kiapo kwa nini hakufika. Tena anaomba asitolewe nyumbani mpaka ombi lisikilizwe. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aende kwenye ofisi ya msaada wa kisheria.

"Nendeni leo, msingoje kesho," alisema.

Kipaza alitoka akinung'unika kwamba kura zao zimeliwa bure. Moyoni Fundi naye alikuwa na hasira. Hata hivyo walikwenda. Wakili wa msaada wa kisheria aliandaa ombi, wakapewa siku ya kusikilizwa. Wakati wa kungoja Mama Pacha alipanga vyombo kwenye maboksi, akavitoa, akavipanga tena. Usingizi ulimpaa.

Siku ilipofika, chumba cha mahakama kilijaa. Mbunge aliingia peke yake, akaketi kwenye benchi kama watu wengine. Waandishi wa habari walijipanga nyuma, maana kosa la mbunge ni habari tamu. Alipoitwa kutoa ushahidi alikula kiapo. Akasema mbele ya wote kwamba alifunga ofisi bila kuhakikisha kila mteja ameelewa, na kwamba taarifa ya Fundi ilikwama huko.

Wakili wa mfanyabiashara akasimama. Alikuwa amengoja nafasi hiyo.

"Mheshimiwa, umewahi kuzungumza na hakimu huyu, au karani wake, kuhusu nyumba hii?"

Kipaza aliinamisha kichwa.

"Hapana."

"Hata hukuombwa?"

"Niliombwa," alisema mbunge. "Nilikataa."

Wakili alipekua karatasi zake, hakupata la kuongeza, akaketi. Hapo ndipo Fundi alipoelewa. Kama simu ile ingepigwa, ushahidi wa mbunge usingekuwa na thamani, na nyumba ingekwenda nao.

Hakimu alimkaripia Fundi kwanza. Alimwambia kesi ni ya mwenyewe, wakili ni msaidizi tu. Kisha akaitengua hukumu na kuagiza kesi isikilizwe upya, pande zote mbili. Mama Pacha alilia bila kujificha.

Tangu siku hiyo Fundi hakukosa tarehe hata moja. Alileta mashahidi waliomwona akinunua nyumba, na mwishoni akashinda. Bungeni, Mama Hoja alipeleka muswada: wakili akiacha kesi, mteja aarifiwe yeye mwenyewe kabla kesi haijaendelea. Aliposimama kuutetea, alianza kwa kueleza kosa lake. Muswada ukapita, ukawa sheria.

Siku moja Kipaza aliingia kwa Fundi akihema. Alikuwa na kesi mahakamani kuhusu pikipiki yake.

"Shemeji, Mheshimiwa anakusikiliza wewe," alisema. "Mwambie ampigie hakimu, simu moja tu."

Fundi aligonga msumari, akaupapasa kwa kidole kuona kama umezama.

"Hapigi," alisema. "Ndiyo maana umenikuta hapa hapa."

Kisha akamsogezea kigoda.

"Haya, kaa. Tarehe yako ni lini?"