Ada za Dalali Merrick

Alhamisi, saa nne asubuhi. Ukungu ulikuwa umeimeza Lushoto nzima.

Katika chumba cha nyuma cha hoteli ya chai, watu watatu waliinamia meza. Raheli, mwenye mali. Zakaria, mdogo wake wa tumbo moja, seremala. Tobia, dereva wa lori la mboga, ambaye hakuwa ndugu yao ila alikuwa na kinyongo na masetla wa Kizungu na panga chini ya kiti.

"Rudia," Raheli alisema.

"Wewe unaingia ofisini kumlilia Merrick," Zakaria alijibu. "Mimi napita na sanduku la zana hadi ghalani, kama nakwenda kutengeneza kabati. Ufunguo ninao. Tobia yuko nyuma, lori limewashwa. Tunashuka Mombo kabla hajafuta miwani."

Walichokwenda kuiba kilikuwa chao. Sarafu ya dhahabu ya rupia kumi na tano, yenye tembo, iliyopigwa Tabora wakati wa vita vya Mjerumani. Baba yao aliwaachia hiyo tu. Raheli aliipeleka kwa dalali Merrick, setla muuza vitu vya kale, ili apate kukomboa shamba la mama lililowekwa rehani. Dalali akadai ada ya picha. Akadai ya bima. Ya ghala, kila wiki. Mnadani bei haikufika, akadai ada ya kutouzwa. Ukitaka mali yako, lipa kwanza. Na unapohangaika kutafuta hela, ghala linazidi kukuhesabia. Ulikuwa wizi wa mchana kweupe, ila wenye leseni.

"Umefika saa ngapi toka Mazinde?" Tobia alimuuliza Zakaria.

"Nimeshuka kwenye basi sasa hivi. Hata chai sijanywa."

Raheli akamsogezea kikombe chake. Alikuwa amemlea tangu anatambaa.

Saa tano na nusu.

Mlangoni pa ghala, ubavuni mwa ofisi ya Merrick, alikaa Mzee Shekalaghe, mlinzi. Mji mzima ulimjua: kijana akipita bila kumwamkia, alitukanwa yeye na ukoo wake. Raheli alikunja goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo."

Zakaria alipita na sanduku lake, kimya, utadhani amepita gogo. Mzee akavuta mguu kumpisha. Hakufoka.

Raheli alisita. Zakaria, anayemwamkia hata kichaa wa sokoni!

"Zaka, mbona humwamkii mzee?"

Zakaria hakugeuka. Mzee ndiye aliyejibu, kwa upole kabisa. "Mwache. Ameshaniamkia alfajiri, alipokuja kwa bwana. Shikamoo moja yatosha kutwa."

Alfajiri. Naye kasema ametoka Mazinde sasa hivi.

Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki Raheli alikibeba mgongoni kwa kanga yake mwenyewe. Angeweza kukimbia, ukungu ungemficha. Lakini nyuma ya ghala alikuwapo Tobia, asiyejua lolote.

"Tobia! Ondoka! Tumeuzwa!"

Lori lilinguruma, likakwaruza ukuta, likapotea. Askari watatu wakachomoka ndani ya ghala, nyuma ya makabati. Mmoja alimbamiza Raheli ukutani, mdomo ukapasuka. Wakamtia pingu.

Merrick akatoka ofisini polepole.

"Mkataba uko wazi," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Mwenye mali akijaribu kuiba, haki yake imekwisha. Sarafu nitauza Nairobi, jina la ndugu yake. Bila ada."

Kumbe ndivyo alivyonunuliwa.

"Dada," Zakaria alisema, macho chini. "Ada zingeila yote. Nilitaka angalau mmoja wetu apate. Shamba la mama nitalikomboa mimi."

"Ungeniambia."

"Usingekubali."

Raheli alitaka kulia, machozi yakagoma. Hakuumizwa na pingu wala mdomo. Aliumizwa na ile asubuhi, mdogo wake alipourudia mpango mzima neno kwa neno, akimtazama usoni, naye akamwamini kama mjinga.

Askari mkubwa akamsogelea. "Jina?"

"Raheli."

"Na huyu shahidi ni nani wako?"

Zakaria akainua macho kwa mara ya kwanza. Alikuwa anasubiri, kama mtu anayeomba.

Raheli alitema damu sakafuni.

"Simjui," alisema. "Mama yangu alinizaa peke yangu."