Mtaje Unayemhangaikia

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Sharifu aliposhuka kwenye metro kule Al Garhoud, Dubai, mkononi ameshika mfuko mtupu. Alikuwa ametumwa dawa. Si dawa ya mgonjwa. Dawa ya timu.

Timu yenyewe ilikuwa ya walinzi na wapakiaji wa ghala moja la Jebel Ali, mchanganyiko wa Watanzania, Wakenya na Waganda. Watu hawa walisimama zamu tangu alfajiri mpaka giza, halafu Ijumaa, badala ya kulala kama watu wenye akili zao, wakakimbizana na mpira juu ya mchanga. Sharifu, mtu wa Tanga, alikuwa nahodha na beki wa kati. Kocha alikuwa Aloysius, Mganda, dereva wa forklifti na bingwa wa kusoma mambo kwenye simu. Ndiye aliyesoma kwamba wachezaji wa Ulaya wanatumia mitishamba kuondoa msongo wa mawazo na kurudisha nguvu baada ya mechi. Basi wakameza vidonge vya mizizi ya Kihindi, wakanywa jinsengi, wakalamba unga wa manjano uliowapaka meno rangi. Walichoambulia ni safari za chooni. Ligi ya makambi ya wafanyakazi ilikuwa imefika robo fainali na wachezaji walikuwa wanasinzia wamesimama.

"Kuna bibi mmoja wa Kizanzibari Al Garhoud, wanamsifu sana," Aloysius alimwambia. "Wewe ni Mswahili wa pwani, mtaelewana. Yalla, nenda."

Nyumba ilikuwa ndogo, ya zamani, imejificha nyuma ya hoteli. Ndege zilipita juu yake zikishuka uwanjani, madirisha yakatetemeka. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulinukia udi, na chini ya ule udi kulikuwa na harufu nyingine ambayo Sharifu hakuwa ameinusa tangu aje Dubai.

Harufu ya vumbi lililonyeshewa mvua.

Bi Sheikha alikuwa amekaa kitako juu ya mkeka, miguu ameinyoosha. Uso wake ulijaa makunyanzi. Lakini nyayo zake... Nyayo zake zilikuwa laini, za waridi, kama za mtoto ambaye bado hajatambaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmechoka, eti?"

Sharifu hakuwa amemwambia lolote bado.

Bibi akamsukumia dumu lililokwisha kujazwa. "Kikombe kimoja kimoja, kabla ya kucheza. Na kabla ya kumeza, kila mmoja amtaje kimoyomoyo mtu anayemhangaikia katika nchi hii ya watu. Mama, mke, mtoto, yeyote. Asiyemtaja mtu, dawa haimwingii."

Sharifu alilipenda sharti lile. Nani kati yao alikosa mtu wa kumtaja? Hakuna aliyekuja kuunguzwa na jua la Jebel Ali kwa ajili ya tumbo lake peke yake. Akafungua mdomo ashukuru, bibi akainua kiganja.

"Dawa haishukuriwi. Kwenu hawakukufundisha?"

Walimfundisha. Hata kwao Tanga, mtu akipewa dawa hasemi asante, maana akisema haitamponya. Akanyamaza, akainama kuchukua dumu. Hapo ndipo alipoisikia sauti nyuma ya pazia.

Hhh... hhh... hhh...

Mtu alikuwa anahema. Anahema kama aliyetoka kukimbia mbali.

"Nani yule, bibi?"

"Mjukuu wangu, Arwa. Anapumzika."

Mtu anayepumzika hahemi vile. Lakini mgeni hamhoji mwenyeji, na metro ilikuwa inamngoja. Sharifu akaaga.

Ijumaa ile ilikuwa maajabu. Walisimama duara, kila mmoja na kikombe chake, wakafumba macho, midomo ikacheza bila sauti. Wanaume wazima wanaotukanana kutwa walikuwa wametulia kama watoto wa chuoni. Hata Nickson, mshambuliaji, kijana wa Songea aliyelelewa na masista na asiyemjua baba wala mama, alifumba macho yake na kuchezesha midomo. Hakuna aliyemuuliza anamtaja nani. Mwanamume haulizwi anampenda nani.

Sharifu alimtaja Shifaa, binti yake, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza.

Dawa ikashuka kooni na harufu yake ya vumbi na mvua. Na uchovu ukatoka. Haukupungua, ulitoka, mtu anausikia ukimvuka kama shati linavyovuliwa. Walikimbia mpaka wapinzani wakaomba maji. Kesho yake wakaamka kwenda kazini na viungo havina hata maumivu. Aloysius alijisifu kana kwamba ile mizizi aliichimba yeye.

Kwenye nusu fainali, mshambuliaji mmoja wa timu ya madereva alimkanyaga Sharifu kwenye ugoko wa kushoto kwa daluga.

Kaa!

Watazamaji walishika vichwa. Sharifu akainuka anacheka. Hakusikia kitu. Akavuta soksi, akaendelea, wakashinda, wakaingia fainali.

Jumamosi jioni alipiga simu ya video nyumbani ajigambe kidogo. Mkewe hakuwa na uso wa kujigambiwa.

"Baba Shifaa, mtoto huyu sijui amepatwa na nini. Mwalimu ameniita tena. Analala darasani, anasema miguu inamuuma, hata kamba haruki. Nilisema ni uvivu, nikamgombeza. Lakini leo... hebu tazama mwenyewe."

Akaisogeza simu kwenye mguu wa mtoto.

Ugoko wa kushoto ulikuwa umevimba. Na juu ya uvimbe kulikuwa na madoa meusi ya mviringo, yamejipanga sawasawa, kama yanavyojipanga meno ya daluga.

"Ameanguka wapi?" Sharifu aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

"Hajaanguka popote. Amelala jana mzima, ameamka hivyo."

Sharifu akapandisha suruali yake. Ugoko wake ulikuwa mzima. Hauna hata mkwaruzo.

Aliogopa. Aliogopa vibaya, woga wa kumfanya mtu atamani kutapika kila alichowahi kumeza. Kesho yake alipotoka zamu hakubadili hata sare. Adhana ya Magharibi ilimkuta mlangoni kwa Bi Sheikha.

"Bibi, umempa nini mwanangu?"

"Mimi?" Bibi alikuwa palepale kwenye mkeka, nyayo zake zilezile. "Mimi simjui mwanao. Umempa wewe."

"Nimempa nini?"

"Uchovu haufi, mjukuu wangu. Ukikutoka, lazima ukakae kwa mtu. Kwa mtu baki hauendi, maana haujui njia. Njia yake ni mapenzi. Wewe umeuonyesha."

"Nifanyeje apone?"

"Acha kunywa. Ni mtoto, damu yake mpya. Atapona."

"Na akitajwa mtu mzima?"

"Inategemea anatajwa na wangapi."

"Mtu anajikingaje, bibi? Anafanyaje asitajwe?"

Bi Sheikha akacheka, cheko fupi la kweli.

"Utamkatazaje mtu kukupenda?"

Upepo wa kiyoyozi ukainua pazia. Kidogo tu... Sharifu akaona godoro, na ukingoni mwa godoro nyayo za msichana. Zilikuwa nyeusi, zimepasuka mpaka ndani, ngozi ya kisigino imelika kama ya mchukuzi aliyetembea pekupeku umri wake wote.

Hhh... hhh... hhh...

"Hajatoka kitandani tangu utoto," bibi alinong'ona. "Yule ndiye niliyempenda kuliko wote."

Sharifu alifika kambini, akamvuta Aloysius nyuma ya matangi ya maji, akamwambia yote. Alitegemea achekwe. Aloysius hakucheka.

"Mama yangu yuko Masaka," alisema polepole. "Tangu robo fainali hajaamka kitandani. Wanasema ni uzee." Akajifuta uso kwa mikono miwili. "Bwana... mimi nimemtaja kila mechi."

Lakini wangewaambiaje wenzao? Katika nchi hii uchawi si hadithi ya kuotea moto, ni polisi, jela, halafu ndege ya kurudi kwenu. Angetosha mtu mmoja mwenye mdomo mwepesi, arbab mwenye ghala akasikia, na khalas, wamekwisha. Basi wakakubaliana kuufunga mdomo. Aloysius akaitangazia timu kuwa dawa imechacha, haifai. Sharifu akaimwaga mwenyewe mchangani, mpaka tone la mwisho. Mchanga ukainywa upesi mno.

Kuficha ukweli kuna raha yake, nayo ni fupi.

Fainali ilisogezwa mpaka baada ya Idi. Shifaa akapona. Sharifu alimwona kwenye simu akiruka kamba uani, akicheka, mkewe akimfokea asimwage maji ya ndoo. Sharifu alilia bila kuona haya, chumba kizima kikimtazama.

Halafu akaanza kuchoka yeye.

Kwanza alifurahi. Kama ni uchovu wangu, alijiambia, acha urudi kwa mwenyewe. Lakini uchovu wa kurudi ungefika mwisho, na huu ulikuwa unaongezeka. Alijiondoa kwenye kikosi, bado akawa anaamka mapaja yanawaka. Kliniki walimpima, hawakuona kitu, wakampa panadol. Kila baada ya mazoezi ya timu, mazoezi ambayo yeye aliyatazama amekaa kwenye kreti, usiku wake ulikuwa wa mateso. Na shuka lake lilianza kunukia vumbi lililonyeshewa. Alilifua. Likanukia tena.

Siku moja kabla ya fainali, jioni, akiwa kwenye kreti lake, aliona beki akimkanyaga Nickson kwenye kifundo cha mguu wa kulia.

Kaa!

Nickson akainuka anacheka.

Sharifu hakucheka. Alitaka kusimama amwite, miguu ikakataa. Wenzake walimbeba mpaka kitandani, wakimtania kwamba nahodha amekuwa bibi harusi.

Ijumaa alipofumbua macho, jua lilikuwa juu. Wenzake walikuwa wamekwenda kusali. Akafunua shuka kwa tabu. Kifundo cha kulia kilikuwa kimevimba, na madoa meusi yamejipanga sawasawa.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Nickson, ametoka kanisani kwenye ibada ya Ijumaa, ameshika chai na chapati.

"Kaka, umeamkaje? Kula kidogo." Akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa anang'aa kwa afya.

Sharifu alikusanya pumzi yake yote. "Nickson... unakunywa bado?"

Kijana akaona haya. "Usimwambie kocha. Nilikuwa nimejaza chupa yangu ya maji kabla haijamwagwa. Zamu mbili bila ile siwezi, kaka."

"Unamtaja... nani?"

Nickson akamtazama kama anayeulizwa jina lake.

"Nani mwingine, kaka? Mimi nina nani? Wewe ndiye uliyenipokea hapa, ukanigawia kitanda chako mpaka nikapata changu. Nakutaja wewe tu."

Sharifu akafumba macho. Basi ni hilo. Ni mtu mmoja, na mtu mmoja anaambilika. Akitoa neno moja tu, acha, yote yatakwisha. Alianza kulitafuta neno lenyewe mdomoni.

"Tena nina habari nzuri," Nickson aliendelea, uso umejaa furaha. "Chupa iliisha, nikaenda mwenyewe kwa yule bibi. Amenipa dumu zima. Anakusalimu sana. Nimeongea na wenzetu, kocha hajui, tutakunywa kabla hajafika uwanjani. Kila mtu anasikitika unavyoumwa. Kwa hiyo leo, kabla ya fainali, hatutaji mama wala mke. Tumekubaliana timu nzima. Wote tunakutaja wewe, kaka, upone."

Acha. Mwaga. Usi...

Midomo ya Sharifu ilicheza. Ulimi ulikuwa mzito, haukuinuka. Kilichotoka ni pumzi peke yake.

Hhh... hhh... hhh...

Nickson akambana mkono kwa upendo, machozi yakimlengalenga.

"Usiseme asante, kaka. Dawa haishukuriwi."

Akamfunika shuka vizuri mpaka kifuani, akatoka, akaurudisha mlango polepole ili asimsumbue mgonjwa. Uwanja ulikuwa upande wa pili wa uzio. Sharifu aliwasikia wenzake wakirudi kutoka msikitini, wakivaa, wakitaniana. Halafu wakanyamaza, wote kwa pamoja, kimya cha watu waliofumba macho.

Chumba kikajaa harufu ya mvua.

Filimbi ikalia, na chini ya shuka miguu ya Sharifu ikaanza kutetemeka.