Aliyekata Mikuyu ya Chemchemi

Kila asubuhi kabla ya shule, Sharifa alishuka bondeni kuchota maji kwenye chemchemi ya ukoo wao, chini kidogo ya msitu wa Magamba. Mikuyu mitano mikubwa iliizunguka. Tangu enzi za mababu ilikuwa mwiko kuikata hata tawi, na bibi yake, Mwanaheri, ndiye aliyekuwa mlinzi wa mahali hapo.

Jumatatu moja alikuta mikuyu mitatu imelala chini. Kingo zilikuwa zimelimwa, udongo umeporomokea majini, na maji yamekuwa mazito kama uji.

"Nani kafanya ushenzi huu?" Sharifa alipiga kelele, ingawa hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Alasiri, wanaukoo walikusanyika palepale. Wote walimgeukia Mzee Hezekia, jirani ambaye shamba lake la kabichi lilipakana na bonde.

"Ni wewe! Siku zote unakimezea mate kipande hiki," alifoka Bakari, baba yake Sharifa.

"Sijagusa hata jani," Hezekia alijibu.

"Mwongo! Atoe mbuzi wa faini!" watu walidai.

Sharifa alimtazama baba yake. Mikono ya koti lake ilikuwa na madoa ya utomvu wa mkuyu, yaliyoganda na kushika vumbi. Jana yake alikuwa amerudi nalo hivyo, akakataa kulitoa lifuliwe. Damu ilimchemka Sharifa. Alijua mtoto hamuumbui baba yake mbele za watu. Lakini mzee wa watu alikuwa anatukanwa bure!

"Baba," alisema kwa hasira, "huo utomvu kwenye koti lako umetoka wapi?"

"Nyamaza!" Bakari aliinua mkono ampige.

"Ushushe huo mkono!" Bibi Mwanaheri alisimama. "Jibu ulichoulizwa."

Bakari aliinamisha kichwa. "Nilitaka mahali pa kupanda viazi, mama. Shamba la juu limechoka."

"Ukaona uchukue maji ya watu wote? Kisha umsingizie mwenzio?"

Siku hiyohiyo Bakari alimwomba Hezekia radhi. Mbuzi aliyetakiwa akamtoa yeye, kisha akaamriwa kujenga kingo kwa mawe na kupanda vipandikizi vya mikuyu. Kwa wiki tatu wanawake walifuata maji mbali, mtoni, huku wakinung'unika. Sharifa naye hakumwambia baba yake neno zaidi ya shikamoo.

Mvua za vuli ziliponyesha, vipandikizi vikachipua na maji yakaanza kutakata. Bibi alimkuta Sharifa amesimama pale, uso bado umekunjamana.

"Hasira yako ilikuwa ya haki, mjukuu wangu," alisema. "Mzazi anaheshimiwa, lakini uongo wake haufichwi. Chemchemi hii imedumu kwa sababu kila kizazi kilikuwa na mtu wa kumkemea mharibifu, hata akiwa wa damu yake. Safari hii mtu huyo alikuwa wewe."