Uzi Mmoja wa Tonge

Kila alasiri, akishavua sare za shule, Chiriku alifagia chumba cha mbele, akatandika mkeka na kuyaegemeza magitaa madogo ukutani. Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na shangazi yake alifundisha gitaa watoto ambao bado walivaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

Gitaa la anayeanza lilikuwa na uzi mmoja tu, ule mnene, ambao watoto waliuita Babu. Waliucharaza huku wakiimba:

Babu, Babu, kumekucha,
usingizi sasa acha.

Mtoto akishamzoea Babu, Shangazi alimfungia uzi wa pili, Bibi, kisha nyuzi nyingine mmoja mmoja, mpaka Kitindamimba, ule mwembamba kuliko wote.

Wiki ya onyesho la wazazi, Shangazi alimwambia Chiriku, "Tonge nakuachia wewe. Mfundishe."

Tonge alikuwa mtoto wa jirani yao, fundi cherehani. Hakuwa ametimiza miaka mitano, na mashavu yake yalijaa kama mtu anayetafuna. Chiriku alifurahi, lakini ule uzi mmoja aliuona ni aibu. Shangazi alipokwenda dukani, Chiriku alifunga nyuzi zote zilizobaki, akamkalisha Tonge na kumpanga vidole.

"Bonyeza. Bonyeza tena. Unataka watu wakucheke?"

Tonge alibonyeza mpaka ncha za vidole zikawa nyekundu.

Kesho yake alifika mikono ikiwa mifukoni.

"Chukua gitaa lako, baba," Shangazi alimwambia.

"Sitaki. Linauma."

Shangazi aliliinua lile gitaa, akalitazama. "Nani kauleta ukoo mzima humu?"

Chiriku alitaka kusema kwamba Tonge mwenyewe ndiye aliyeomba. Mtoto yule angejiteteaje? Kisha akaiona ile mifuko midogo, imetuna kwa ngumi.

"Ni mimi, Shangazi. Nilitaka awashinde wenzake."

"Awashinde wenzake, au wewe usifiwe?"

Shangazi hakumgombeza. Alizifungua zile nyuzi, akambakisha Babu, akampa Chiriku gitaa. "Ligeuze. Shingo iwe kulia. Charaza kwa mkono wa kushoto."

Chiriku alijaribu. Kidole kiliukosa uzi, kikagonga ubao. Alipoupata uzi, wimbo ulikuwa umeshamwacha nyuma.

"Shangazi, mkono huu haunisikii."

"Ya Tonge ni hivyo hivyo, yote miwili."

Tonge alisogea, akatazama kidogo, akaangua kicheko. "Dada, unampiga Babu tumboni."

"Basi nionyeshe."

Mkono mmoja ulitoka mfukoni, kisha wa pili.

Siku ya onyesho, wakubwa walitangulia na magitaa yao yaliyojaa nyuzi. Tonge akaingia na Babu wake. Alicharaza, akaimba, na katikati akasahau. Alimtazama Chiriku. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni kwa Chiriku, lakini aliuma midomo, akatikisa kichwa taratibu kufuata mdundo, akangoja. Tonge akavuta pumzi, akakumbuka, akaendelea. Wazazi wakaanza kuimba naye, na mama yake, fundi cherehani, aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Walipokuwa wakikunja mkeka, Shangazi alisema, "Uzi ukilegea hautoi sauti, mwanangu, na ukikazwa kupita kiasi hukatika. Mtoto naye ni hivyo. Usimfundishe ili wewe uonekane. Na ulipokosea ukasema kweli, hapo ndipo nilipojua utakuwa mwalimu."

Chiriku alitabasamu. "Basi wiki ijayo nimfungie Bibi?"

"Mwenye gitaa si huyo hapo? Muulize."

Tonge aliliweka sikio lake kwenye tundu la gitaa, akasikiliza.

"Bibi bado amelala," alisema. "Mwache kwanza."