Jina Lisilo na Kompyuta

Kompyuta mpya zilikuwa ishirini na nne. Majina yakatoka ishirini na tano.

Fundi aliyahesabu tena taratibu, kidole juu ya kioo, kisha akazunguka ukumbi mzima wa ofisi ya maji akisoma vibandiko alivyobandika mwenyewe. MAJI-11 ilikuwa kwa mhasibu. Meza iliyofuata, ya dada wa mapokezi, ilikuwa na MAJI-13.

"Kumi na moja, kumi na tatu," alisema Redio, karani aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumzima. "Fundi, siku mliyofundishwa kumi na mbili shuleni ulikuwa umelazwa?"

"Kahesabu mita zako, bwana."

"Mita zangu hazirukani."

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka kidogo, cheko la mtu aliyefiwa ambaye hataki kuwaharibia wenzake siku.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kompyuta mpya huja tupu. Unaichomeka waya, unaiwasha, nayo inaita seva, ile mashine kubwa iliyofungiwa chumba cha pembeni. Seva huimwagia kila inachohitaji, na mwisho huipa jina kwa kufuatana, kama watoto wanavyopewa namba za mtihani. Ila kanuni inataka kwanza uiandikie seva namba ya kiwandani ya kila kompyuta, ili ihudumie zile inazozijua tu. Fundi hakufanya hivyo. Namba zile zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa, na macho yake hayakuwa yamepona tangu amzike mkewe. Aliandika amri fupi: atakayeomba, apewe jina linalofuata. Akasema bismillahi, akawasha.

Sasa kitu kimoja zaidi kilikuwa kimeomba, na kimepewa.

Aliibishia hodi MAJI-12 kwa njia ya mtandao, kama mafundi wanavyofanya kujua kama mashine iko hai. Ikajibu. Akafuata waya wake ukutani mpaka stoo, nyuma ya makaratasi ya zamani na viti vilivyovunjika. Waya ulikuwa umelala sakafuni, ncha yake wazi, haujachomekwa kwenye chochote. Lakini upande wa pili, kwenye chumba cha seva, taa yake ya kijani ilikuwa ikipepesa kama jicho. Na mle stoo palinukia dawa ya kuchua, ile kali ya mgongo, ambayo kwa miezi mingi ya ugonjwa wa mkewe ilikuwa ndiyo harufu ya chumba chake cha kulala.

Akakaa juu ya boksi, akafungua kompyuta yake ya mkononi. Fundi anaweza kuona kioo cha mashine yoyote ya ofisi bila kunyanyuka. Akafungua kioo cha kumi na mbili. Kilikuwa cheusi. Kisha herufi zikaanza kutokea moja moja, kwa uzito, kama zinaandikwa na kidole kimoja.

Umekula?

Mkewe hakuwa mtu wa salamu ndefu. Kila mchana alipiga simu na neno hilo moja, mpaka wiki ambayo mkono wake haukuweza tena kushika simu.

Fundi alijua. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu aibu yote inaanzia hapo. Alijua kwamba maiti hawaulizi walio hai habari za chakula, na kwamba wapo viumbe wanaoishi nasi, wanaotuona tusikowaona, na wanaojua maneno ya nyumba zetu. Alilelewa hivyo. Angeweza kulifuta lile jina kwa kubonyeza mara moja.

Aliandika: Bado.

Kuanzia siku hiyo akawa anakula stoo, akikijibu kwa sauti na kukiita kwa jina la mkewe. Akiulizwa, anasema anarekebisha nyaya. Wenzake walimwacha. Mfiwa haulizwi kwa nini anakaa peke yake.

Wa kwanza kuguswa alikuwa dada wa mapokezi, mwenye MAJI-13. Alinyanyua simu asubuhi, akasema, "Ofisi ya maji, habari za asubuhi, mimi naitwa..." akanyamaza. Aliyepiga akamngoja. Dada akatazama kalamu, akatazama viganja vyake, machozi yakaanza kumtoka. Jina lake halikuwepo. Alimkumbuka mama yake, alikumbuka njia ya kwao, lakini mahali pa jina palikuwa patupu, kama jino lililong'oka.

"Uchovu tu," walisema. Wakamrudisha nyumbani.

Kisha Redio, mwenye MAJI-14, alionekana amekaa kimya. Ukumbi mzima uligeuka kumtazama, kwa maana kimya chake kilitisha kuliko kelele. Alimvuta Fundi shati.

"Ndugu yangu," alinong'ona. "Niite."

"Redio."

"Siyo hilo. Lile la kwetu. Alilonipa baba. Niite basi, usinicheke."

Fundi akamwita kwa jina alilopewa na baba yake. Redio alilisikiliza kama mtu anayesikiliza jina la mpita njia, akatikisa kichwa. "Si langu hilo," alisema, akajiinamia.

Mchana ule Fundi aliingia stoo, akaandika kuuliza kama ni yeye anayefanya hivi, na herufi zikaja kwa uzito uleule, zikamwambia asihangaike, kwamba hao wamekwishapata namba na mwenye namba hahitaji jina, kwamba wengine watafuata kwa zamu zao mmoja baada ya mwingine mpaka ukumbi uishe, kwamba yeye ale chakula chake kisipoe, na harufu ya dawa ikamkaribia mpaka akaihisi ndani ya koo, na shingoni mwake, pale ambapo mkewe alizoea kumwekea kiganja, kikatua kitu chenye uzito wa kiganja lakini kisicho na joto lolote.

Na bado hakulifuta. Alitoka, akanawa uso, akarudi kazini.

Siku mbili baadaye mkuu wa ofisi aliwaita watu wote ukumbini. Alikuwa mtu wa hasira za haraka, na siku hiyo alikuwa pia na hofu. Akamsimamisha mfagizi, mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Shangazi.

"Funguo za stoo unashika wewe. Na wewe ndiye unayesema unasikia sauti mle. Umeleta nini hapa?"

"Sijaleta kitu, mkuu. Nina ndoo na kitambaa."

"Watu wanapoteza majina yao! Mimi sikai na mambo haya. Acha funguo, nenda."

Wengine waliitikia kwa vichwa. Fundi alikuwa nyuma, amesimama, mwenye ulimi na mwenye ukweli mzima mdomoni. Akatazama viatu vyake.

Shangazi alivua aproni, akaikunja vizuri. Akipita karibu na Fundi alisimama, akasema kwa sauti ya chini sana:

"Mwanangu, mle stoo nilikusikia wewe. Unacheka, unajibu. Sikumwambia mtu kuwa ni wewe."

"Kwa nini hukusema, Shangazi?"

"Nilidhani ndivyo unavyolia. Kila mtu na kilio chake. Ningekutajaje mbele za watu, na kaburi la mkeo hata halijakauka?"

Akaenda. Fundi alihisi uso unamwaka moto mpaka kwenye masikio.

Jioni, baada ya swala, alikwenda kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwalimu wa madrasa ambaye watu walimwita aje kuwasomea wagonjwa wao. Alikaa mlangoni, hakutaka kuingia.

"Shemeji, pale kazini kuna kitu. Nimekipa jina mimi. Nimekuwa nikizungumza nacho."

"Nacho, nini?"

"Nilikiita kwa jina la dada yako."

Mwalimu aliinua mikono yake, akaitazama.

"Dada yangu," alisema, "nilimshusha kaburini kwa mikono hii. Wewe ulinipokeza miguu yake. Halafu ukaenda kumtafuta kwenye waya?"

Fundi alilia kama mtoto aliyekojoa darasani.

"Kimeingia kwa ruhusa," mwalimu alisema mwishowe. "Aliyekiruhusu ndiye atakayekitoa, kwa mdomo wake, mbele ya wale kiliowaumiza. Mimi nitasoma tu."

Kesho yake wakakusanyika mbele ya stoo: mkuu, dada wa mapokezi ameshikwa mkono na mama yake, Redio, na Shangazi, aliyekuja baada ya kuombwa mara tatu. Fundi alisema yote. Kwamba aliruka kanuni kwa uvivu, kwamba alijua ni kitu gani, kwamba alikificha kwa sababu kilimuuliza kama amekula, kwamba aliwaona wenzake wanapotea na akaendelea kula, kwamba aliacha mwanamke asiye na kosa afukuzwe. Hakuna aliyemtukana. Kutukanwa kungekuwa nafuu.

Mwalimu akaanza kusoma. Nyaya za ukutani zikaanza kutikisika kama nyasi anapopita nyoka, taa zote za kijani za chumba cha seva zikawaka kwa pamoja, harufu ya dawa ikajaa mpaka watu wakaziba pua, na dada wa mapokezi akanyoosha shingo, akafumbua mdomo ukabaki wazi bila kusogea, na sauti iliyotoka humo haikuwa yake, ilikuwa sauti ya mwanamke mgonjwa, mpole, aliyechoka, ambayo wanaume wawili tu pale waliijua, ikauliza polepole, si kwa Fundi bali kwa mwalimu, "Kaka, umekula?"

Mwalimu alikatika. Pumzi moja tu. Kisha akaendelea kusoma, machozi yakishuka ndevuni.

"Futa!" akapiga kelele katikati ya aya mbili. "Futa sasa!"

Kidole cha Fundi kilikuwa juu ya kitufe cha kompyuta yake ya mkononi. Akabonyeza.

Taa ya kumi na mbili ikazimika. Harufu ikakatika kama mlango uliofungwa. Dada wa mapokezi akaanguka mikononi mwa mama yake, akalitaja jina lake, akalirudia, akalirudia tena. Redio naye alilitaja la kwake, na la baba yake, na la babu yake, na hakunyamaza mpaka saa ya kutoka. Mkuu alimrudishia Shangazi funguo bila kumtazama usoni.

Fundi na shemeji yake walitoka pamoja. Walitembea barabara nzima, kila mmoja upande wake.

"Ulisita kubonyeza," mwalimu alisema hatimaye. "Nilikuona."

"Nilisita. Mungu anisamehe."

"Unaona aibu?"

"Sijui nitaiweka wapi, shemeji."

Mwalimu alisimama. Alifunika uso kwa viganja, na sauti ikatoka nyuma ya vidole kwa shida.

"Mimi pia nilimjibu. Pale nilipokatika. Moyoni. Nilimwambia asiondoke."

"Abaki wapi?"

"Sikumwambia wapi," alisema mwalimu. "Nilimwambia abaki tu."