Mnunuzi wa Vichwa

Sokoni walimwita Kisu kwa sababu mbili: wepesi wa mkono wake akipasua samaki, na ukali wa ulimi wake kwa wateja wanaobonyeza-bonyeza bila kununua. Jumamosi moja, watu wakikanyagana miguu, kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono alisimama mbele ya meza yake akaomba samaki watatu wa bwawani: mkubwa, wa kati na mdogo. Kila mmoja akamtia katika mfuko wake na kuuandika namba.

"Kaka, unakwenda kuwala au kuwaandikisha shule?" Kisu akamuuliza.

Kijana akacheka mpaka kalamu ikamdondoka. Alikuwa bwana afya, akaeleza, na kazi yake ni kuwapima. Jumamosi iliyofuata alirudi bila kalamu. Ya tatu aliondoka na namba ya Kisu, na tangu hapo simu hazikukatika: ameamkaje, amekula nini, atavaa lile gauni la kijani? Kisu alikuwa amekwisha kwa mapenzi, wala hakuona haya kusema.

Kisha mambo yakaharibika. Bwana Afya akaanza kuja kila jioni kununua vichwa vyote vya samaki, kumi kwa mpigo. Vichwa hivyo vilikuwa haki ya dada yake Kisu, mjamzito wa miezi sita, aliyeapa kwamba bila supu ya vichwa hashibi. Kisu alipouliza mtu anayeishi peke yake anavifanyia nini, mwanaume alijibu kwamba anapenda supu, macho kwenye viatu vyake. Hata kudanganya hakujua.

"Mdogo wangu, hiyo ni nyumba yenye watoto," dada akasema baada ya wiki mbili za maharage. "Huyo ana mke."

Maneno hayo yalimchoma Kisu. Jumatano akafunga meza mapema, akajitanda mtandio mweusi, akamfuata nyuma hatua kwa hatua.

Hapakuwa na mke. Bwana Afya alizunguka nyuma ya ofisi yake, akavua shati, akachimba shimo, akamimina vichwa na kuvimwagia chokaa. Kisu aliumia kuliko ambavyo angeumia kama angemkuta mke. Samaki aliowadamkia alfajiri wanazikwa kama mizoga.

"Kumbe samaki wangu wananuka," akasema.

Mwanaume aligeuka na jembe mkononi, akaeleza yote bila kupumua. Kiwanda cha betri kilikuwa kinamwaga maji yake bwawani, na samaki wamejaa madini ya risasi, hasa vichwani, kwenye mifupa na matumboni. Kupika hakuyaondoi. Yanamwumiza zaidi mtoto, hata aliye tumboni. Majibu ya vipimo yalitoka wiki mbili nyuma, lakini tangazo halijatiwa saini, na mtumishi akilitoa kabla ya hapo anapoteza kazi.

"Nilijua dada anakula vichwa," akasema. "Nikaona nivinunue tu, mpenzi, mpaka watie saini."

Kisu alitaka kumkumbatia na kumzaba kofi, asijue aanze na lipi.

"Na muuza nyanya wa mbele yangu, mwenye mimba changa? Yeye ulimnunulia nini?"

Bwana Afya akaliweka jembe chini.

"Wiki mbili nawauzia watu sumu kwa mikono yangu, na wewe unanitazama. Sitaki mwanaume wa kunikinga kimyakimya. Ukijua jambo, niambie, hata kama nitalala njaa."

Akaondoka. Simu ikalia mara nane, hakupokea.

Kesho yake, soko likiwa limefurika, Bwana Afya alipanda juu ya kreti tupu la soda. Samaki wa bwawani, akasema, wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasile kabisa. Wengine wasizidishe mara moja kwa mwezi, na kichwa, mifupa na matumbo watupe. Samaki wa mto wa juu, yasikofika maji ya kiwanda, wamepimwa, hawana neno. Aliyekwisha kula asitaharuki, aende kliniki apimwe damu.

Wauza samaki wakamzomea, wakamwita adui wa riziki. Hapo Kisu, mwenye meza kubwa kuliko wote, akabeba beseni lake la samaki wa bwawani na kulimimina kwenye pipa la taka, kila mtu akiona. Kelele zikapungua. Muuza nyanya akasogea, mkono tumboni, akauliza kliniki inafungwa saa ngapi.

Mchana wawili hao waliketi nyuma ya meza tupu. Mkubwa wa ofisi ya afya alikuwa amekwisha piga simu. Bwana Afya amesimamishwa kazi. Dada alikuwa ametoka kliniki: madini yapo kidogo kwenye damu, atapimwa tena, na mtoto anacheza vizuri.

"Kuna jambo jingine ninalolijua na sijakuambia," Bwana Afya akasema.

Kisu akamgeukia. "Sema."

"Nataka kukuoa."

"Umelijua tangu lini?"

"Mwezi mzima."

"Ungekaa nalo mpaka kesho, ningekukataa," Kisu akasema, akampa mkono wake ukiwa bado na magamba.