Kikombe cha Verlene

Kila asubuhi ya likizo ya kiangazi, Verlene na mama yake waliizunguka nyumba ya Bi Talmadge na kuingia kwa mlango wa jikoni. Mlango wa mbele haukuwa wao. Mama alijifunga aproni, akawasha jiko na kuteleka kahawa. Verlene alivuta kiti karibu na dirisha akaanza kumenya kunde. Chini ya sinki, kando ya sabuni, kulikuwa na vikombe viwili vya bati, cha Mama na cha Verlene. Vile vya kabatini vilikuwa vya wenye nyumba, na kazi ya Mama ilikuwa kuviosha tu.

Hata hivyo Verlene alilipenda jiko lile kwa sababu ya Marilee, binti wa Bi Talmadge. Walikuwa wa rika moja. Walijifunza kutambaa kwenye sakafu moja, na Marilee akiwa mdogo hakulala mpaka Mama amwimbie. Mvua ikinyesha walijificha chini ya ngazi za nyuma wakala mikate ya Mama ikiwa bado ya moto.

Kisha Marilee akatimiza miaka kumi na miwili. Mama alioka keki, wageni wakala, na kesho yake Bi Talmadge akaja jikoni.

“Lutie,” alimwambia Mama, “Marilee si mtoto tena. Kuanzia leo wewe na binti yako mtamwita Bi Marilee.”

“Ndiyo, Bi Talmadge,” alisema Mama.

Pale Mississippi, kusini mwa Marekani, miaka ile ya ubaguzi, huo ndio uliokuwa utaratibu. Mtoto wa Kizungu akifika umri huo, mtu mweusi alimwita Bi au Bwana, hata kama ndiye aliyemlea. Lakini Mama mwenyewe, mwanamke mzima mwenye mvi, aliitwa Lutie na kila mtu, hata kitoto cha jirani ambacho bado kilikuwa kinakojoa kitandani.

Neno lile lilimkwama Verlene kooni. Akabuni ujanja wa kutomwita Marilee jina lolote. Akitaka kumpa maji, alikwenda mpaka barazani, akasimama mbele yake na kutikisa barafu kwenye glasi. Akitaka ampishe njia, alikohoa.

“Una kifua wewe?” Marilee alimuuliza siku moja. “Mbona siku hizi huniiti?”

“Si nimekuja mwenyewe? Nikuite ya nini?”

Kila jioni, wakirudi nyumbani, Mama aliuliza, “Leo umemwita Bi Marilee?”

“Ndiyo, Mama,” alijibu Verlene huku akitazama vidole vyake vya miguu.

Uongo ule haukufika mbali. Alhamisi moja Bi Talmadge aliingia jikoni uso umemkunjamana.

“Lutie, mwanao hamwiti binti yangu inavyopasa.”

“Anamwita, Bi Talmadge. Namuuliza kila jioni. Verlene wangu hasemi uongo.”

Bi Talmadge alimwita Marilee akamuuliza. Marilee aliinamisha kichwa. Hakutaka kusema, lakini mama yake alikuwa anamsubiri.

“Haniiti chochote, Mama,” alisema kwa sauti ndogo.

Mama aligeuka akamtazama Verlene. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomuumiza Verlene. Mama alionekana kama mtu aliyeegemea ukuta, kumbe hakuna ukuta.

“Basi kesho aje akijua la kusema,” alisema Bi Talmadge, “au msije wote wawili.”

Walipofika nyumbani Mama alivua viatu, akakaa.

“Umenidanganya.”

“Ndiyo, Mama. Niliogopa utanilazimisha.” Verlene alianza kulia. “Siwezi kulisema, Mama. Tulikuwa tunalala pamoja kwenye mkeka mmoja. Nimwite Bi, yeye aniite Verlene?”

“Mimi mama yangu alinilazimisha,” alisema Mama. “Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, nikaambiwa ni Bwana. Nimesema hivyo maisha yangu yote, na kila nikisema najisikia vibaya. Nenda ukanawe uso.”

Kesho yake Mama aliondoka peke yake. Verlene alibaki na hofu. Alipalilia maharage, akafua, akapiga pasi, akafagia ua mara mbili, lakini roho haikutulia. Kama Mama angefukuzwa kazi, angerudi na aproni yake na vikombe vyote viwili, na kosa lingekuwa la nani?

Jioni alimwona Mama akija barabarani. Alikimbia kumpokea. Mama alikuwa na kikombe kimoja mkononi. Kilikuwa cha Verlene.

“Chako hakipo,” alisema Verlene.

“Changu kipo kazini. Ni wewe ambaye hutarudi kule.” Mama aliingia ndani, akakiosha kile kikombe na kukipanga kabatini pamoja na vikombe vingine vya nyumbani. “Nimemwambia ukweli wote. Kwamba ulinidanganya, na kwamba neno lile huwezi kulisema, nami sitakufundisha.”

“Akasema nini?”

“Alinuna mpaka kahawa ikapoa. Kisha akaniuliza kama kesho Jumamosi nitaoka mikate, maana wageni keshawaalika.”

Verlene alicheka, lakini Mama hakucheka.

“Nisikilize, mwanangu. Kukataa neno lile si kosa. Kosa ni kunificha mimi. Ungeniambia siku ya kwanza, ningekutoa kule siku hiyo hiyo. Badala yake nimesimama mbele ya yule mama nikakutetea kwa jambo ambalo si kweli. Usiniache nisimame hivyo tena.”

“Sitakuacha, Mama. Nisamehe.”

Jumapili iliyofuata Verlene naye alitimiza miaka kumi na miwili. Mlangoni mwa kanisa lao la watu weusi, Mama alikuwa kwenye zamu ya kupokea watu, amevaa gauni jeupe na glavu nyeupe. Huko hakuna aliyemwita Lutie. Alikuwa Bi Gaines, na kila aliyeingia alikuwa Bwana fulani au Bi fulani, hata wafagiaji na wapishi.

Verlene alipofika, Mama alimpa kipepeo cha karatasi cha kujipepea, akainamisha kichwa kidogo.

“Karibu, Bi Verlene Gaines.”

Verlene alidhani anataniwa. Tangu lini mzazi akamwamkia mtoto? Lakini Mama hakuwa na utani hata chembe.

“Hapa hakuna aliyenilazimisha kukuita hivyo,” alisema Mama taratibu. “Heshima ya kweli hutolewa na mtu kwa hiari yake. Nawe mwishowe umesema kweli, kwa hiyo unastahili.”

Verlene alinyoosha mgongo. “Asante, Bi Gaines.”

“Haya, nenda ukakae,” alisema Mama, machozi yakimlengalenga. “Usinifanye nikaziloanisha glavu zangu.”